Kumtafuta Mwenye Jina la Bhoke

Bomani

Mmeniuliza kwa nyakati tofauti, mmoja dukani, mwingine nje ya kanisa, wengine kwa simu: nilikwenda Ikoma kufanya nini, na kwa nini tangu nirudi siongei na baba mdogo. Nimechoka kusimulia vipande vipande, na kila kipande kinafika kwa jirani kikiwa kimeongezwa chumvi. Naandika mara moja, kwa mpangilio.

Kazi yangu mnaijua. Nachora mabango ya maduka na kuandika majina kwenye misalaba ya makaburi. Shuleni niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe. Kwa kuwa naandika majina ya watu, nimezoea kuuliza herufi kabla ya kuchovya brashi. Jina la Bhoke nimeliandika kuliko jina lingine lolote la kike hapa Tarime, na kwa namna nyingi. Bhoke, kama Wakurya wanavyolitamka, midomo ikikaribiana bila kugusana. Boke, kama ndugu zetu wa upande wa Kenya wanavyoliandika. Mboke, kama karani asiyetujua anavyolisikia. Mara moja niliandika Bhoke na Boke kwenye msalaba mmoja, moja juu na jingine chini, kwa sababu mume na katekista walishindwa kukubaliana.

Mjukuu wangu wa kwanza, binti wa mwanangu Samweli na mkewe Neema, alizaliwa akilia na akaendelea kulia. Hospitali walimpima wakasema mzima. Alishika ziwa kidogo, akaliachia, akalia. Neema alikonda mpaka mikono ikawa myembamba.

Kwetu mtoto wa namna hiyo anasemwa analilia jina. Kuna ndugu aliyekufa anataka kuitwa. Basi kina mama hukaa na mtoto, ziwa likiwa karibu na mdomo wake, na majina ya marehemu wa ukoo hutajwa moja moja. Jina ambalo mtoto atalikubali kwa kunyonya na kunyamaza, hilo ni lake. Walitaja Wankuru, mama yangu. Mtoto akalia. Wakataja Ghati. Akalia zaidi. Ndipo baba mdogo Nyamhanga, mdogo wa mwisho wa marehemu baba yangu aliyebaki, akasema, "Mmemsahau Bhoke."

Bhoke alikuwa dada yao. Mimi nilikuwa mtoto mdogo alipoolewa Kemambo, na baada ya muda tuliambiwa amefia huko.

"Hakuna mtoto aliyewahi kupewa jina lake," baba mdogo alisema. "Ndiye anayelia."

Nikauliza, "Nani aliona kaburi lake?"

"Wewe Mwita na maswali yako. Unataka kupima kaburi kwa futi?"

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Baba yangu alipokuwa anakata roho aliwataja ndugu zake wote waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba anaona wanampokea. Bhoke hakumtaja. Jambo hilo nilikaa nalo miaka mingi bila kujua la kulifanyia. Na sheria ya majina kwetu ni moja: jina la aliye hai halitolewi. Ukilitoa, umemzika. Sisemi kwamba naamini kila kitu kinachosemwa na wazee. Nasema kwamba anayehukumu kwa sheria aifuate yote.

Nikaomba tusubiri niende Kemambo nilione kaburi. Kama lipo, mtoto aitwe Bhoke siku hiyo hiyo. Kama shangazi yuko hai, litafutwe jina lingine.

Neema alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho mekundu. "Baba, mimi nataka alale tu," alisema. "Hata akiitwa Kikombe."

Baba mdogo alicheka, akanipa mkono mbele ya watu wote. "Nenda. Tutakusubiri."

Sirari

Nilianzia Sirari, ingawa ni kinyume cha njia ya Kemambo, kwa sababu shangazi Robhi huja pale sokoni kuuza ndizi. Robhi ni dada mkubwa wa Bhoke na ameolewa ng'ambo ya mpaka. Nilijua kama kuna mtu aliyenyoa nywele kwa ajili ya msiba ule, ni yeye.

Nilimngoja mpaka jua likawa kali. Gari lililobeba ndizi zake lilikuwa limezuiwa upande wa pili kwa maneno ambayo hakuna aliyeweza kunieleza. Mama mmoja wa Kisii, anayeuza vitunguu jirani na nafasi yake, alinipa kigoda na chai ya rangi isiyo na sukari. Nilipomwambia namuulizia mtu anayeitwa Bhoke, alitabasamu.

"Kwetu ni Nyaboke. Wako wengi sana. Obooke ni asali, hata mtoto mdogo anajua hiyo."

"Kwa hiyo Bhoke ni asali?"

"Sasa itakuwa nini? Chumvi?"

Nilifurahi, nakiri. Nimejiuliza maana ya jina hilo kwa miaka. Lakini sauti mbili kufanana hakuzifanyi kuwa ndugu, kwa hiyo shangazi Robhi alipofika na ndizi zake nilimuuliza kwanza hilo, nikakosea, maana alikuwa amechoka na ana hasira.

"Shikamoo shangazi. Eti Bhoke maana yake asali?"

"Marahaba. Umetoka Tarime kuja kuniuliza hiyo maneno? Bhoke ni Bhoke. Alikuwa nyanya yangu, akawa dada yangu. Jina lina watu, halina maana."

Nikamweleza la mtoto. Alikaa juu ya mkungu wa ndizi.

"Ati amekufa? Mimi sikunyoa nywele. Hakuna mtu aliniita ninyoe. Nyamhanga alikuja akaniambia tumeshazika, imeisha. Nikauliza, mlizika lini, mbona sikuitwa? Akasema barabara ilikuwa mbaya." Akatema mate pembeni. "Barabara! Mimi ningetambaa."

"Kwa nini hukwenda kuangalia?"

"Mume wangu alikataa. Na mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Wewe una miguu. Enda."

Alinifungia ndizi mbivu. Mama wa Kisii akanipungia mkono: "Ukimpata Nyaboke, msalimie!"

Kemambo

Mnisamehe kama nawaeleza mnachokijua, lakini wengine mnaosoma si Wakurya. Shangazi Bhoke hakuolewa na mwanamume. Aliolewa na mama mmoja mzee asiyekuwa na mtoto wa kiume. Mama wa namna hiyo hutoa ng'ombe akaoa msichana, msichana akazaa na mwanamume aliyechaguliwa, na watoto wakawa wa nyumba ya yule mama. Tunaita nyumba ntobhu. Ng'ombe waliotolewa kwa shangazi ndio baba mdogo Nyamhanga alioolea mke wake.

Nilifika Kemambo nikiwa mweupe kwa vumbi. Malori ya mgodini yalikuwa yanapita, na dereva wa bodaboda alisimama kila moja lilipopita, tukafumba macho, tukaendelea. Nilipouliza nyumba ya yule mama mzee, nikaambiwa alishakufa, lakini yupo mtoto wake, Chacha. Nikajua huyo ndiye mtoto wa shangazi.

Chacha ni mtu wa umri wangu kasoro kidogo, mpana wa mabega. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nilipomwambia mimi ni mtoto wa Marwa, kaka wa mama yake, alisimama, punje zikamwagika mapajani mwake.

"Mtoto wa mjomba! Tangu nipate akili, hakuna mtu wa kwa mama aliyewahi kukanyaga hapa. Hata mmoja!"

Akaita mke, akaita watoto, akaita majirani. Mbuzi alichinjwa kabla sijamaliza kunywa maziwa. Nililetewa nyama na kichuri, ule mchuzi wetu unaokorogwa kwa nyongo na yaliyomo tumboni mwa mbuzi. Ni mchungu, na ndivyo tunavyoupenda. Chacha alikuwa ananitazama ninavyokula, kama mtu anayelinganisha sura.

"Una kipaji cha uso kama changu," alisema.

"Ni cha baba. Na labda cha mama yako."

"Sina hata picha yake. Nina kaburi tu. Njoo."

Kaburi lipo. Nawaambia nililolikuta. Liko nyuma ya ghala la mahindi, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, limepandwa maua ya rangi ya zambarau. Hakuna jani baya hata moja.

"Kila Krismasi napaka mwenyewe," Chacha alisema. "Watoto hawaruhusiwi kucheza hapa. Wakirusha mpira ukaangukia hapa, mpira huo ni wangu."

Nilitoa kofia. Niliona nimekosea kumshuku baba mdogo, na nilikuwa tayari kumpigia Samweli simu pale pale. Sikupiga kwa sababu simu ilikuwa inachajiwa ndani.

Alasiri niliaga. Bibi Nyangi, jirani mzee aliyekuwa amekaa na sisi akila kimya, alisema atanisindikiza mpaka njia kubwa kwa kuwa naye anakwenda huko. Hakuwa na jambo huko. Tulipopita nyumba ya mwisho aliniuliza, akiniita mura, yaani kijana, kama wazee wetu wanavyotuita:

"Mura, wewe ulikuja kutafuta kaburi au ulikuja kutafuta mtu?"

"Mtu, bibi. Nimekuta kaburi."

"Umekuta blanketi." Akaendelea kutembea. "Mle ndani wameweka blanketi na sufuria yake. Nilikuwa bibi harusi mpya nyumba ya pili, niliona kwa macho yangu."

Alinisimulia polepole, akisimama kupumzisha magoti. Mwanamume aliyechaguliwa kuzaa na shangazi alikuwa anampiga. Mtoto alipoachishwa ziwa, shangazi alimfunga mgongoni akakimbia kuelekea Mto Mara. Alifuatwa. Mtoto alichukuliwa, yeye akaponyoka. Kulikuwa na mtu wa Ikoma aliyekuwa anapita huku kuuza mikia ya nyumbu kwa wacheza ngoma. Wengi waliamini alivuka naye.

"Basi, kaka yake akaja. Nyamhanga. Aliogopa ng'ombe watadaiwa, na alikuwa ameshawaolea. Yule mama mzee naye aliogopa Bhoke atarudi kumdai mtoto. Wakakaa wawili, wakakubaliana amekufa. Kila mmoja akabaki na chake."

"Na Chacha anajua?"

"Nani amwambie? Wewe?" Aliniangalia kwa dharau kidogo. "Umekula mbuzi wake."

Mugumu

Kwenye daraja la Mto Mara tulikwama. Lori la mahindi lilikuwa limekatika ekseli katikati, na dereva wake alikuwa amelala chini yake, si kutengeneza, kulala. Watu walishuka kwenye magari, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakamtukana dereva mpaka wakachoka, wakaanza kumnunulia na yeye. Mimi nilitazama maji. Yalikuwa ya kahawia na yanakwenda kasi. Nilijaribu kufikiria mtu akivuka hapo bila daraja, akiwa ametoka kunyang'anywa mtoto, na sikuweza, kwa hiyo nikanunua mahindi.

Mugumu nilifika nikiwa na njaa, nikala ugali wa muhogo na dagaa. Nikampigia Samweli.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Vizuri tu, baba. Amelala."

"Amelala mwenyewe?"

"Ndiyo. We endelea tu na safari."

Nilishukuru Mungu. Nilidhani amezoea dunia, kama watoto wengine wanavyozoea.

Kisha nikaanza kuuliza sokoni kama kuna mwanamke wa Kikurya, mtu mzima, anayeitwa Bhoke, aliyeolewa upande wa Ikoma. Hapo nilijifunza kwamba kutafuta mtu kwa jina ambalo kila familia inalo ni kazi ya kipumbavu. Muuza nyama mmoja, mtu mwenye moyo mwema kupita kiasi, alifunga bucha yake akanizungusha kwa kina Bhoke. Wa kwanza alikuwa binti anayesuka nywele saluni, ambaye hata mama yake hakuwa amefikia umri wa shangazi. Wa pili alikuwa mke wa fundi pikipiki, na mumewe alitaka kujua namjuaje mkewe. Wa tatu alitoka nje na mwiko mkononi.

"Nani kakutuma? Kama ni yeye, mwambie sirudi!"

"Mama, sijatumwa na mtu. Mimi natafuta shangazi yangu."

"Wanaume wote mnatafuta shangazi!"

Muuza nyama alikuwa amekwisha kukimbia. Nilipomkuta buchani alinishauri niende Ikoma kwenyewe, karibu na lango la hifadhi, kwani huku mjini nitapigwa.

Ikoma

Ukipita Robanda kuelekea lango, nyumba zinapungua na mashamba yanakuwa na ulinzi. Tembo hutoka hifadhini wakala mahindi, kwa hiyo usiku watu hukesha na mchana husinzia. Niliulizia kwenye duka la msichana mmoja aliyekuwa anasinzia juu ya kaunta.

"Hapa hatuna Bhoke," alisema.

"Labda wanamwita Boke. Au Mboke. Au Nyaboke."

"Hatuna."

Nilikuwa nimefika mwisho wa namna zote ninazozijua. Nikasema, zaidi kujiliwaza kuliko kumjibu, "Huko Kisii wanasema maana yake asali."

Msichana akaamka kabisa. "Aaa, asali! Si ungesema mapema, mzee." Akampigia kelele kijana wa bodaboda: "Mpeleke huyu kwa Mama Asali!"

"Sitaki asali," nikasema.

"Yake nzuri, haina moshi."

"Binti, mimi natafuta mtu."

"Ndiyo, mtu wa asali."

Njia nzima nilimweleza dereva kwamba sikuja kununua asali, naye njia nzima alinieleza bei.

Shamba lilizungushiwa waya, na kwenye waya imening'inizwa mizinga ya nyuki, mmoja kila baada ya hatua chache. Tembo akigusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, tembo huondoka. Mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe alikuwa anamimina asali kwenye chupa kwa faneli. Hakuinua macho.

"Lita moja au nusu?"

"Sikuja kununua asali, mama."

"Basi umekuja kuiba?"

Ndipo aliponitazama, nami nikaona kile kipaji cha uso. Nilimwamkia kwa Kikurya. Akaweka faneli chini, akafuta mikono kwenye kanga, akajibu kwa Kiswahili.

"Hapa tunaongea Kiswahili. Wewe ni wa nani?"

"Wa Marwa."

"Marwa yuko wapi?"

"Alifariki, shangazi."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akauliza, "Jina lake mmempa nani?"

"Mtoto wangu wa pili."

"Vizuri." Akalifikiria. "Analia huyo mtoto?"

"Ni mtu mzima sasa. Ni fundi umeme."

Akacheka kidogo, akaniambia nikae. Nilimweleza yote, kuanzia mtoto mpaka blanketi. Hakulia. Nilipofika kwenye blanketi aliuliza lilikuwa la rangi gani. Nikasema sijui.

"Lilikuwa jekundu. Lilikuwa jipya." Akatikisa kichwa. "Blanketi jipya kabisa."

Nilimuuliza kuhusu jina la Asali. Alisema mume wake, yule muuza mikia, alipofariki, yeye alifanya kazi ya kufua kwenye kambi moja ya watalii. Mpishi wa hapo alikuwa Mkisii, akamwambia jina lake maana yake asali, wageni wakaona hilo ni rahisi. "Nikaona ni sawa. Jina ni lile lile langu, ila anayenitafuta hawezi kulisikia. Nyuki walikuja baadaye. Watu wanadhani nyuki ndio walikuja kwanza."

"Sasa nikawaambie nini nyumbani?"

Hapo sauti yake ilibadilika. "Waambie nipo. Hilo jina ni kitu pekee nilichotoka nacho. Nikifa wampe, sitamnyima. Huyo mtoto ana haraka gani? Mimi ni mzee, asubiri kidogo."

Mtandao ulikuwa hafifu. Aliniambia nipande kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, ambako kila mtu hupanda. Nilipanda, nikampigia Samweli, nikamwambia: shangazi Bhoke yuko hai, nimekaa naye, amekataa jina lake litolewe.

Nilisikia Samweli akitoka nje na kurudisha mlango.

"Baba, ameshaitwa."

"Lini?"

"Asubuhi ile ile uliyoondoka. Babu Nyamhanga alikuja ukiwa hujafika hata Sirari. Walilitaja mara moja tu, akashika ziwa, akanyonya mpaka akalala. Babu alisema tusikusumbue safarini."

"Nilipokupigia nikiwa Mugumu?"

"Nilikwambia amelala. Ni kweli alikuwa amelala." Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Baba, nakuomba usimwambie Neema. Ndiyo kwanza ameanza kula."

Nilishuka kwenye kichuguu. Shangazi alikuwa amesimama chini yake, kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kupanga maneno.

"Wamesemaje?"

Nikamwambia.

"Na akanyamaza?"

"Alinyamaza."

"Kabisa?"

"Kabisa, shangazi."

Aligeuka akatazama mizinga yake. "Siku hiyo mimi nilikuwa nakamua masega," alisema. "Nilidhani mtu akifa husikia kitu."

Alinipikia wali na kuku, akanipa chupa ya asali, akakataa kuongelea jambo hilo tena. Nilipokuwa napanda bodaboda alishika usukani wa pikipiki.

"Chacha umwambie nilimshika mpaka majini. Mikono ilikuwa mingi."

Kurudi

Nilipita tena Kemambo. Maneno ya Bibi Nyangi kuhusu mbuzi niliyemla yalikuwa yananikera, lakini nilikuwa nimetumwa. Nilimkuta Chacha peke yake ghalani, nikamwambia kama nilivyoagizwa, bila kuongeza na bila kupunguza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua gunzi akalipukuchua ingawa halikuwa na punje.

"Kaka, hiyo chupa ni nini?"

"Asali. Ni yako. Ametoa yeye."

"Sili asali." Akasimama. "Huyo mama wa Ikoma mwambie simjui. Mimi mama yangu nampaka chokaa kila mwaka. Kama yuko Ikoma, basi mimi miaka yote hii nimekuwa mjinga, na yule mama mzee aliyenilea kwa uongo amekufa nikimlilia. Unaona unachoniomba?"

Nikasema naona.

"Wewe unaandika misalaba, sivyo? Ukija tena njoo na msalaba. Uandike jina lake vizuri. Usije na kitu kingine."

Chupa niliiacha kwenye mlango wa ghala. Sijui aliyeichukua.

Nyumbani nilimkuta baba mdogo amekaa kivulini na mtoto mapajani, amelala, amenenepa mashavu. Sikumwamkia. Nikamwambia nimemwona dada yake na anamiliki mizinga na ana akili timamu.

"Kuna watu wengi Ikoma wanaotafuta ndugu," alisema.

"Ana uso wa baba."

"Mwita, angalia hapa." Alinionyesha mtoto. "Ulimsikia alivyokuwa analia. Nyumba nzima haikulala. Nani amemnyamazisha? Kama mwenye jina hajafa, mtoto angelikubali jina? Wewe unayejisomea, nijibu."

Nilikuwa nimebeba ushahidi wangu kutoka Ikoma, mtu mzima mwenye damu na sauti, na yeye alikuwa na mtoto aliyelala. Kwa sheria yetu wenyewe, ushahidi wake ndio mkubwa.

"Tulipeana mkono," nilimwambia.

"Tulipeana. Unataka nimwamshe alie tena, ndipo mkono uwe safi?"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana.

Shangazi alinipigia siku chache baadaye, akiwa juu ya kichuguu, nilisikia upepo. Hakuuliza habari za Chacha. Aliuliza habari za mtoto.

"Mama yake anamwitaje?"

"Anamwita Boke."

"Boke? Si Bhoke?"

"Neema ni Mluo wa Shirati, shangazi. Hiyo sauti haimtoki. Anafunga midomo."

Kwa mara ya kwanza nilimsikia akicheka hasa, kicheko cha msichana. "Boke! Basi huyo ni mwingine. Mimi ni Bhoke. Mwache amwite hivyo hivyo, usimsahihishe."

Nikamwahidi, na nimetimiza. Lakini baba mdogo huja kila asubuhi kumwona mjukuu, na masikio yake bado mazima. Juma lililopita alimkalisha Neema kwenye kigoda uani.

"Mkwe, si bo. Usigonganishe midomo. Acha upepo upite. Bho."

"Bo," alisema Neema.

"Unamwita mtu wetu, siyo mbuzi. Pumua. Bho."

Neema ni mkwe mtiifu, na anampenda mwanawe. Alirudia akiwa anaosha vyombo, akarudia akiwa anatwanga. Mimi nilikuwa napaka rangi bango la duka la dawa, na sikusema neno, kwa sababu kila nililoweza kusema lingemfikia Neema kwanza. Jana asubuhi alimwita mtoto kutoka jikoni. "Bhoke!" Ile sauti ameipata.